Saa ya Mjomba: kisa cha saa ya mpiga mbizi iliyochakaa kazini

Kisa hiki kimetoka kwenye meza yangu ya kazi. Mimi ni fundi saa katika mji mmoja wa bandari, pwani ya Afrika Mashariki. Wenyewe wameniruhusu kukisimulia kwa sharti kwamba nisitaje majina, mtaa, wala vyombo walivyovifanyia kazi. Nitawaita Mjomba na Mpwa, maana ndivyo walivyo. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, na kwa yeyote aliyeachiwa saa ya kazi akawa hajui aifanyeje: aing'arishe, aiuze, aifungie kabatini au aivae.

## Usuli

Mjomba alipiga mbizi bandarini kwa zaidi ya miaka 25. Hazikuwa mbizi za kutazama samaki. Alikuwa akikwangua meli chini ya maji, akikata kamba na nyavu zilizojisokota kwenye rafadha, akikagua minyororo ya maboya na kutafuta vitu vilivyodondoka gatini. Maji ya bandari ni tope tupu, na siku nyingi hakuweza kuona kiganja chake mwenyewe akinyoosha mkono. Hewa ilimfikia kwa mpira kutoka kwenye kompresa iliyokuwa juu ya boti, na mwenzake aliyeshika kamba ndiye aliyehesabu muda. Hata hivyo Mjomba hakuwa radhi kuuweka uhai wake kwenye saa ya mtu mwingine peke yake. Alivaa yake.

Muda, kwa mpiga mbizi, si jambo la kukisia. Jedwali la zamani la Jeshi la Majini la Marekani, ambalo wapiga mbizi wengi walilikariri, lilimpa mtu dakika 60 kwenye kina cha futi 60, na dakika 25 tu kwenye futi 100. Akipitisha hapo hana ruhusa ya kupanda moja kwa moja; lazima asimame njiani ili naitrojeni, gesi ya hewani aliyoivuta chini ya shinikizo, imtoke mwilini polepole. Asiyejua ameshuka saa ngapi hawezi kujua apande saa ngapi.

Saa yenyewe ni Seiko, bodi (kasha lake la chuma) nambari 6309-7040, aina ambayo wakusanyaji wa saa wanaiita kasa kwa umbo lake nene la mviringo. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1988. Nambari iliyochongwa mgongoni ndiyo cheti chake cha kuzaliwa: tarakimu ya kwanza ni ya mwaka, ya pili ni ya mwezi. Ya Mjomba inaanza na 9, na kwa kuwa aina hii ilikoma kabla ya 1989, ni ya mwaka 1979 bila ubishi. Ndani mna mashine ya vito 17 (vijiwe vigumu vya kupunguza msuguano) inayopiga mara 21,600 kwa saa moja. Inajijaza kwa mwendo wa mkono, wala haitiwi ufunguo kwa vidole. Kifundo cha kutilia majira hakikukaa katikati ya ubavu kama kwenye saa nyingi. Kimeshushwa hadi penye nukta ya nne, pale tunaposoma saa kumi, kikafichwa kwenye bega la bodi kisichome mgongo wa mkono, na hufungwa kwa kukazwa kama mfuniko wa chupa. Siku zimeandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu, kwa kuwa iliuzwa Ghuba. Mjomba aliinunua mwaka 1981 kwa baharia aliyetoka Dubai, akailipa kwa miezi mitatu.

## Sura ya saa ilipofika mezani

Hapa nitakaa kidogo, maana bila kuiona saa hii huwezi kuelewa kwa nini watu watatu wazima tuliihangaikia hivyo.

Pete ya dakika, ile inayozunguka kioo, ilikuwa nyeusi. Sasa ina rangi ya jivu la mkaa na nambari 40 imefutika. Nukta za saa zilizokuwa nyeupe zimekuwa rangi ya siagi, na mishale nayo vivyo hivyo, kwa kiwango kilekile, jambo linaloonyesha kwamba zimezeeka pamoja bila mtu kuingiza kipande kipya. Ubavu wa kushoto wa bodi una mikwaruzo mifupi kwa mamia, yote ikielekea upande mmoja. Hiyo ni kazi ya magamba makali ya viumbe wanaoganda kwenye chuma cha meli: mkono wa kushoto ulijishikiza, wa kulia ukakwangua, miaka nenda miaka rudi. Karibu na pini ya mkanda kuna pengo dogo lililochimbwa na shekeli ya mnyororo wa boya. Kwenye sifuri ya pete, ambako kiwanda kiliweka kitone king'aacho, mna rangi nyeupe ya kupakia boti. Kitone kilidondoka mwaka ambao Mjomba haukumbuki, naye akaziba tundu kwa alichokuwa nacho, kwa sababu bila alama ile asingeweza kuhesabu chochote kwenye tope.

Na kifundo: ukingo wake ulikuwa umeliwa, una vijimeno vilivyobonyea pande mbili zinazotazamana. Nilivitazama kwa lenzi nikavipenda. Msomaji akumbuke sentensi hiyo.

Nimeshika saa nyingi za bei kubwa kuliko hii, na chache zimenisimamisha kazi namna ile. Wapo siku hizi watengenezaji wanaouza saa mpya zilizozeeshwa makusudi, rangi ya siagi imepakwa siku ya kwanza, bodi imechunwa kabla haijavaliwa. Ziweke kando ya saa ya Mjomba utaona tofauti. Michubuko ya kutengenezwa husambaa kila mahali. Ya kazi huwa na upande wake, na upande huo una sababu. Bodi hii imechakaa kushoto na kuachwa karibu nzima chini, kwa kuwa mwenyewe alifanya kazi moja, kwa mkono mmoja, kwa mkao mmoja. Mvuto wake unatoka hapo. Umri peke yake usingetosha.

## Kilichotokea

Mjomba aliacha bahari masikio yalipoanza kumsumbua. Saa akampa mtoto wa dada yake, ambaye naye anafanya kazi za chini ya maji, nyepesi kidogo: kufunga maboya na kusafisha boti za watalii kwenye kina cha mita 5 hadi 15. Mpwa aliivaa miaka miwili bila kuifungua. Kabla yake ilikuwa imefunguliwa mara moja tu, miaka ya tisini.

Siku moja mgeni aliyekuwa kwenye boti aliiona, akataka kuinunua kwa fedha zilizokaribia mapato ya Mpwa ya miezi miwili. Mpwa alikataa. Lakini ile bei ilimfanya aitazame saa kwa jicho jingine, akaipeleka kwenye karakana moja ajue ingegharimu nini kuirudishia hali yake. Akapewa orodha: uso mpya, mishale mipya, pete mpya, kioo kipya, bodi ipigwe polishi hadi ing'ae. Akaonyeshwa na picha ya saa nyingine iliyofanyiwa hivyo. Ilikuwa nzuri, alisema, ila hakuijua.

Aliondoka bila kuiacha. Wiki ileile, akiwa ameketi juani kwenye boti, maji ya baridi yalimrukia mkononi, na ukungu ukatanda chini ya kioo, kisha ukapotea. Ndipo akaja kwangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Akaifungua kutoka kwenye leso. "Ya mjomba wangu. Nataka iwe mpya, ila isibadilike."

Kabla ya kuifungua niliipima kwa njia iliyo rahisi kuliko zote, nayo imo katika kanuni ya kimataifa ya saa za kupigia mbizi, ISO 6425. Saa hupashwa moto hadi nyuzi 40 hivi, kisha tone la maji ya kawaida huwekwa juu ya kioo kwa dakika moja. Ukifuta tone ukaona ukungu kwa ndani, unyevu umeshaingia. Kila fundi anaweza kufanya hivyo bila mashine yoyote. Kwa saa ya Mjomba ukungu ulijichora duara kamili la ukubwa wa tone.

Ndani nilikuta oringi ya mgongo, yaani mpira wa duara unaozuia maji, imekakamaa na kulala bapa kama uzi wa plastiki. Oringi ya kifundo ilikuwa imepasuka. Kijiti kinachoshika kifundo kilikuwa na kutu, na kutu ilikuwa imeanza kugusa gurudumu la siku. Mafuta yalikuwa yamekauka yakawa kama gundi, ndiyo maana saa ilikuwa ikichelewa dakika nne kwa siku. Kioo kilikuwa na mikwaruzo mingi na jino moja lililovunjika ukingoni, palepale kinapokalia mpira wake.

## Uamuzi wa kwanza, na sababu zake

Uso, mishale na bodi sikuvigusa. Bodi ikipigwa polishi, mikwaruzo haifutiki kwa kuongezewa kitu. Chuma kilichoizunguka ndicho kinachoondolewa hadi kilingane nayo. Kingo alizochonga mtengenezaji hulainika, na hakuna fundi anayeweza kuzirudisha zilivyokuwa. Uso mpya wa kuiga ungegharimu kidogo na kuonekana safi, lakini saa ingebaki na mashine ya 1979 nyuma ya uso wa mtu mwingine. Nilimweleza Mpwa hayo yote, naye akapumua kama mtu aliyeondolewa mzigo.

Kwenye kioo tulibishana. Yeye alitaka kile cha zamani kibaki, kwa sababu mjomba wake alitazama kupitia hicho. Nilikataa. Jino lile la ukingoni lilikuwa njia ya maji, na hapo hisia haina haki ya kuamua. Nikaweka kipya, cha zamani nikamtilia kwenye kikaratasi.

Mashine niliivunja yote, nikaiosha, nikaitia mafuta na kamani mpya. Kijiti kilichooza nilikibadilisha kwa kingine nilichokitoa kwenye mashine ya 6309 iliyokuwa kwenye droo yangu. Saa ikawa inawahi sekunde 12 kwa siku, kiwango kizuri kwa umri wake. Oringi zote zikawa mpya, zikapakwa grisi ya silikoni.

Pete ya dakika nayo ilikuwa na jambo lake. Katika aina hii inazunguka pande zote mbili, midundo 60 kwa mzunguko mzima, na ya Mjomba ilikuwa imelegea hadi inasogea ikiguswa na glovu. Mpiga mbizi huweka sifuri ya pete juu ya mshale wa dakika anaposhuka, halafu husoma dakika zilizopita. Pete ikigongwa ikarudi nyuma, atadhani amekaa muda mrefu kuliko alivyokaa, atapanda mapema, hana hasara. Ikigongwa ikaenda mbele, atadhani bado ana muda wakati umekwisha. Ndiyo sababu pete za saa za kupigia mbizi za baadaye zinazunguka kuelekea nyuma tu. Ya Mjomba niliikaza ikawa ngumu, nikamwonya Mpwa asiitegemee peke yake.

Kifundo kilikuwa kimeliwa mno, hivyo nikafunga kingine cha kuiga kilichotengenezwa kwa kipimo hicho. Kilipanda kwenye meno ya shingo ya bodi, kijibomba ambacho kifundo hukazwa juu yake, kikakaza. Nilihesabu mizunguko: ilikuwa pungufu ya niliyotarajia. Nikajiambia ni kwa sababu kipya ni cha kuiga.

Mwisho niliipima kwa shinikizo. Mashine yangu ni ya kawaida: chupa nene yenye maji chini na hewa juu, inayojazwa kwa pampu hadi angahewa 6. Saa hukaa kwenye hewa ya shinikizo dakika kadhaa, huzamishwa, kisha hewa hutolewa taratibu. Kama hewa iliingia ndani ya saa, itatoka kwa mapovu utayaona. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban angahewa moja, kwa hiyo angahewa 6 ni kama mita 60. Hakutoka povu hata moja. Nikamwambia Mpwa: mita 20, usipite hapo, na kila mwaka uilete.

Nilimpa pia karatasi, kama ninavyompa kila anayeingia majini na saa ya zamani. Ukiona maji ndani, usiianike juani, usiifukie kwenye mchele. Chumvi ikikauka juu ya chuma ndipo inapoanza kula. Itie kwenye maji safi ya kunywa, yote izame, uniletee siku hiyohiyo.

## Wiki ya tatu

Mpwa alikuwa mita 9 chini ya boti, mkono wa kushoto ameupitisha nyuma ya usukani akilegeza kamba. Alipoutoa na kutazama saa, aliona povu likitembea chini ya kioo. Hakuharakisha kupanda. Mwenzake juu alikuwa akihesabu muda, kwa hiyo saa kufa hakukumweka hatarini, na hilo ni jambo la kumshukuru yeye na nidhamu aliyofunzwa na mjomba wake.

Juu aligundua kifundo kimejifungua karibu mizunguko miwili. Alifanya kama karatasi ilivyosema. Alinifikia kabla saa mbili hazijapita, saa ikiwa kwenye mtungi wa kachumbari uliojaa maji ya kunywa.

Niliifungua papo hapo, nikaivunja vipande vyote, nikaisuuza kwa maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na asidi, kisha kwa spiriti, nikaikausha kwa hewa ya joto. Mashine ilipona yote. Uso haukupona wote: karibu na nukta ya sita pana doa la kahawia, kama punje ya mtama.

Jioni hiyo Mpwa alimleta Mjomba. Mzee alikishika kile kifundo cha zamani nilichokihifadhi, akakigeuza kwenye mwanga.

"Fundi, mbona hukuniuliza? Hiki kilikuwa kikijifungua tangu zamani. Mimi nilikuwa nakikaza kwa koleo kila nikianza kushuka ngazi."

Vile vijimeno viwili nilivyovipenda vilikuwa alama za koleo.

## Uamuzi wa pili

Nilipopima meno ya shingo kwa makini, nilichopaswa kukifanya mwanzo, yalikuwa yameliwa nusu ya urefu wake. Kila koleo lilipokaza kifundo liliyala zaidi, na kadiri yalivyolika ndivyo koleo lilivyohitajika zaidi. Kifundo kipya kilikuwa kikishika kwenye meno mawili matatu ya juu tu. Kikiwa kimetulia, kiliziba. Kikisuguliwa na glovu au kamba, kilifunguka.

Safari hii niliwaweka wote wawili mbele ya meza, nikaeleza njia tatu. Ya kwanza, shingo ing'olewe na nyingine ikandamizwe mahali pake. Kazi hiyo inataka mashine nisizo nazo, ingebidi saa isafirishwe nje, na bodi ingekatwa. Ya pili, kutafuta bodi nyingine ya aina ileile na kuhamishia mashine, yaani kuiacha ile bodi yenye mikwaruzo yote. Ya tatu, saa isishuke tena majini.

Mpwa alinyamaza. Alikuwa tayari kwa njia ya kwanza, nilimwona. Mjomba ndiye aliyesema: "Niliivaa ili nirudi juu. Kama haiwezi kushuka na mtu, ikae na anayemsubiri."

## Matokeo

Saa inafanya kazi hadi leo, na kazi yenyewe ni ileile ya kuhesabu dakika za mtu aliye chini. Anayeivaa ni yule anayeshika kamba na mpira wa hewa kwenye boti. Mpwa anaposhuka, anayebaki huweka sifuri ya pete juu ya mshale wa dakika. Mpwa mwenyewe amenunua saa nyingine ya kupigia mbizi, mpya, ya bei ya kati, yenye pete ya kwenda upande mmoja. Mgeni yule alirudi mwaka uliofuata, akaliona doa, akapandisha bei. Hawakuiuza.

Mimi sikutoza malipo ya kazi ya pili, na sehemu ya malipo ya kwanza niliirudisha.

## Uchambuzi

Naanza na kosa kubwa, kwa sababu ni langu na kwa sababu linaweza kumpata fundi yeyote anayeipenda kazi hii. Alama za koleo zilikuwa dalili. Nilizisoma kama pambo. Nilikuwa nimeshasoma mikwaruzo ya ubavuni kwa usahihi, nikajua mkono upi ulishika na upi ulikwangua, na uhodari huo mdogo ukanifanya niamini kwamba kila alama juu ya saa hii ni kumbukumbu ya kuheshimiwa. Mkwaruzo wa magamba ubavuni hauingizi maji. Kifundo kilichotafunwa pande mbili kinasema kwamba kuna mtu aliyehitaji nguvu kuliko vidole, na swali la fundi linapaswa kuwa moja tu: kwa nini? Nilikuwa na lenzi mkononi na sikuliuliza.

La pili ni kipimo. Angahewa 6 zilikuwa nyingi mno kuliko mita 9, na saa ilifaulu kwa haki. Ilifaulu ikiwa imetulia ndani ya chupa. Kazini haitulii. Walioandika ISO 6425 walilijua hilo: ndani yake kuna jaribio ambapo kifundo husukumwa kwa ubavu kwa nguvu ya nyutoni 5, kama uzito wa nusu kilo, huku saa ikiwa chini ya shinikizo linalozidi kiwango chake kwa asilimia 25, kwa dakika 10. Kanuni hiyo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1982, miaka mitatu baada ya saa hii kutengenezwa. Mashine yangu haiwezi jaribio hilo. Lakini ningeweza kukisugua kifundo kwa glovu iliyolowa kwa dakika tano mezani na kutazama kama kinalegea. Sasa hufanya hivyo kwa kila saa ya kifundo cha kukaza. Huhesabu mizunguko pia, na ikipungua sitafuti sababu ya kujifariji.

La tatu linahusu maneno "150 m" yaliyo usoni. Wateja wengi huyasoma kama sifa ya kudumu. Yalikuwa kweli siku saa ilipotoka kiwandani ikiwa na mpira mpya na meno mazima. Mpira huzeeka hata kama saa imelala kabatini. Mpwa aliivaa miaka miwili majini kwa kuamini maandishi yale, na kwa jinsi hali ya oringi ilivyokuwa, ukungu ulikuwa onyo la kistaarabu sana.

Na la nne, ambalo linaniuma zaidi, ni kwamba nilimhoji mrithi nikamwacha mtumiaji. Mjomba alikuwa hai, anakaa mwendo wa nusu saa kutoka dukani kwangu, na alikuwa na historia yote ya ugonjwa wa saa hii kichwani. Mwaka 1968 mpiga mbizi wa Kure, mkoani Hiroshima, aliandika barua kuilalamikia Seiko kwamba saa zake hazistahimili kazi za kina cha zaidi ya mita 300. Wahandisi waliichukua barua ile kwa uzito, na mwaka 1975 ikatoka saa ya mita 600, bodi ya titani isiyo na mfuniko wa nyuma, iliyovishwa ngao kwa nje ili ipigwe na kugongwa. Barua ya mfanyakazi mmoja iliwafundisha mengi. Mimi nilihitaji simu moja.

Yaliyofaa ni machache ila yana uzito. Kukataa polishi na uso mpya kulikuwa sahihi, na ningekataa tena. Hata leo saa ikiwa haishuki, bodi ile inabaki ushahidi wa kazi yote, na kama ingelainishwa hakuna uamuzi wa baadaye ambao ungeirudisha. Kutunza vipande vilivyotolewa kulitusaidia kwa namna ambayo sikuitarajia: bila kifundo cha zamani kwenye kikaratasi, Mjomba asingekuwa na cha kukishika na kutueleza. Karatasi ya maelekezo iliokoa mashine. Nimewahi kuletewa saa zilizoanikwa siku mbili juani baada ya kuingia maji ya chumvi, na ndani hukuta unga mwekundu.

Kuhusu kioo, hadi sasa Mpwa anaamini nilikosea, na mimi naamini sikukosea. Cha zamani anacho nyumbani.

Miezi 14 baadaye aliniletea saa kwa ukaguzi. Inatembea vizuri, doa halijakua, oringi ziko sawa. Kitone cheupe cha sifuri kilikuwa kimedondoka, ile rangi ya Mjomba, na Mpwa alikuwa ameshapaka nyingine mwenyewe kwa kijiti cha kiberiti, kutoka kwenye kopo la rangi ya boti. Imekaa nje kidogo ya mahali pake. Sikuigusa.